MAWAZO YA MGENI: HISTORIA FUPI YA KUMTULIZA MHAMIAJI, KUTOKA POSHO HADI SIMU YA MKONONI

0. UTANGULIZI

Katika Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, Kalemie na Bukavu, neno mawazo lina maana mbili. Ya kwanza ni fikira, yaani kile kinachozaliwa na akili ya mtu. Ya pili ni mzigo. Asemaye "niko na mawazo" hatangazi kwamba ana rai za kutoa mkutanoni. Anaeleza kwamba hali vizuri, halali vizuri, na kwamba moyo wake uko mbali na pale alipokaa. Jirani anayemsikia hamwombi aeleze hoja zake. Humsogezea kiti.

Makala haya yanahusu mzigo huo, hasa unapombebesha mtu aliyeondoka kwao: mfanyakazi aliyeandikishwa kwa mkataba, mkimbizi aliyevuka mpaka usiku, mtoto aliyezaliwa ugenini. Katika miaka ya karibuni, mashirika ya afya duniani yameanza kumpelekea mtu huyo msaada kwa njia ya simu ya mkononi: mafunzo ya kupumua kwa utulivu, ya kupanga siku, ya kulala, ya kutembea, ya kumtafuta rafiki. Jambo hilo husimuliwa kana kwamba ni jipya kabisa. Chombo ni kipya, ndiyo. Lakini wazo la kumrekebishia mgeni maisha yake ya kila siku ili akili yake itulie lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa Katanga.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: katika kila kipindi, ni nani aliyeamua mhamiaji anaumwa nini, na aliamua kwa lugha gani? Itaonekana kwamba jibu la swali hilo lilikuwa na uzito katika matokeo ya msaada kuliko chombo chenyewe.

1. UGONJWA UNAPATA JINA

Mwaka 1688, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer alitetea tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi. Mada ilikuwa ugonjwa ambao vitabu vya tiba havikuwa na jina lake. Hofer aliliunda kwa maneno mawili ya Kiyunani, nostos (kurudi) na algos (maumivu): nostalgia. Jina hilo limesambaa katika lugha nyingi, hata watu wakasahau kwamba lilianza kama jina la maradhi.

Jambo moja katika kisa hicho halina budi kuwavutia wanaisimu. Hofer hakugundua ugonjwa. Aligundua jina la kitaaluma tu. Watu wa kawaida waliosema Kijerumani cha Uswisi walikuwa tayari na neno lao, Heimweh, uchungu wa nyumbani, na Hofer mwenyewe aliliandika katika kichwa cha tasnifu yake. Elimu ya daktari ilichukua usemi wa wakulima na wa askari wa kukodiwa, ikauvika joho la Kiyunani, kisha ikaurudisha kwao kama uvumbuzi.

Kati ya wagonjwa aliowaeleza Hofer alikuwamo kijana wa Bern aliyekuwa akisoma Basel. Alidhoofika hata akakaribia kufa. Alipoambiwa kwamba atarudishwa kwao alianza kupata nguvu, na njiani akapona. Kutokana na visa vya namna hiyo Hofer alishauri kwamba dawa nyingine zikishindwa, mgonjwa apelekwe nyumbani. Wazo hilo, kwamba dawa ya kuondoka ni kurudi, lilidumu muda mrefu. Makala haya yatalirudia, kwa sababu historia ya Kongo imelikanusha kwa uchungu mkubwa.

Waliomfuata Hofer walitafuta sababu kwingine. Mwaka 1705, Johann Jakob Scheuchzer, mwanazuoni wa Zürich, alieleza kwamba Waswisi huugua wanaposhuka mabondeni kwa sababu uzito wa hewa huko huwagandamiza. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliendelea kuiandika nostalgia katika orodha zao za magonjwa, na visa vilifika maelfu. Baadaye neno hilo lilihama kutoka hospitali kwenda katika ushairi, na tiba ikabaki bila jina la maumivu ya mgeni.

Katika karne ya 20 suala lilirudi kwa njia ya takwimu. Mwaka 1932, daktari wa Norwe aitwaye Ørnulv Ødegaard alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwe waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani. Aliona kwamba waliolazwa kwa ugonjwa wa skizofrenia walikuwa wengi zaidi, kwa uwiano, kuliko Wanorwe waliobaki kwao. Maelezo yake yalikuwa kwamba wenye udhaifu wa akili ndio wanaovutwa zaidi na kuhama. Kwa maneno mengine, kasoro aliiweka ndani ya mhamiaji mwenyewe.

Maelezo hayo yalitawala kwa miongo mingi. Kisha mwaka 2005 Elizabeth Cantor-Graae na Jean-Paul Selten walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali. Walikuta kwamba hatari ya skizofrenia kwa wahamiaji wa kizazi cha kwanza ilikuwa mara 2.7 ya ile ya wenyeji. Kwa watoto wao waliozaliwa ugenini, ilikuwa mara 4.5. Tarakimu hiyo ya pili yafaa kutazamwa kwa makini. Mtoto huyo hakuhama. Hana kijiji alichokiacha wala njia aliyoichagua. Kama yeye yuko hatarini zaidi kuliko mzazi wake, basi sababu haiwezi kuwa safari peke yake, wala tabia ya anayesafiri. Ni lazima itafutwe pia katika mahali alipopokelewa na namna alivyopokelewa. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe. Takwimu zinaelekea kuonyesha kwamba anayetazamwa hivyo maisha yake yote hulipa kwa afya yake.

2. KATANGA: POSHO BILA SIKIO

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Wafanyakazi walihitajika, na jirani hawakutosha. Walitafutwa Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami, Tanganyika, na kuanzia mwaka 1925 hata Rwanda na Urundi. Watu wa lugha nyingi walikutana katika kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi, na baadaye ya nyumba.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya vifo na utoro. Homa ya mapafu na magonjwa ya tumbo yaliwaua wengi. Waliokuwa na nguvu walitoroka. Kampuni ilihesabu hasara hiyo, na kati ya mwaka 1927 na 1928 ikabadili mwenendo. Ndipo ulipozaliwa utaratibu ulioitwa kwa Kifaransa stabilisation, yaani kumtuliza mfanyakazi mahali pamoja: mkataba wa miaka mitatu, ruhusa na hata himizo la kuja na mke, nyumba, hospitali, shule zilizokabidhiwa wamisionari, na posho ya chakula. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa waasisi wa siasa hiyo, aliieleza kwa fahari katika kitabu kilichotolewa mwaka 1946, kikitathmini miaka ishirini ya utekelezaji.

Siasa hiyo yafaa kuitwa kwa jina lake: ulikuwa msaada wa mtindo wa maisha. Kampuni ilipanga mtu ale nini, alale wapi, mkewe ajifunze nini katika jumba la mafunzo ya akina mama, mtoto apimwe uzito lini. Matunda yalionekana. Vifo vilipungua, watoto walizaliwa na kukua, utoro ulishuka. Haitakuwa haki kuyakana hayo, na wazee wengi wa Katanga waliendelea kuikumbuka kampuni kama baba aliyelisha.

Hata hivyo, utaratibu huo ulipima mwili. Kwa habari ya moyo, ulikuwa na kipimo kimoja tu: je, mtu anafika kazini? Mwenye huzuni aliyefika kazini hakuwa mgonjwa. Mwenye afya aliyelalamika alikuwa msumbufu. Mnamo Desemba 1941, bei za bidhaa zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita vya dunia, wafanyakazi wa Kiafrika waligoma. Tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa michezo wa Lubumbashi, na makumi ya watu wakafa. Kampuni iliyojua uzito wa kila mtoto wa kambini haikuwa na njia ya kumsikia baba yake isipokuwa pale aliposimama uwanjani.

Fundisho la kwanza la Katanga ni hilo. Msaada unaweza kuwa wa kweli, ukashibisha na kuponya, na bado ukawa bubu. Msaada wa namna hiyo humjua mgeni kwa idadi, wala haumjui kwa maneno yake.

3. JAMAA NA UKUMBUSHO: DAWA YA WENYEWE

Pale ambapo kampuni haikuwa na sikio, watu walijitafutia. Vyama vya watu wa asili moja vilizika maiti, vilichangia mahari na kumpokea kijana aliyeshuka kwenye gari-moshi bila ndugu. Vikundi vya ngoma, na baadaye vya muziki wa gitaa, vilikusanya watu siku za mapumziko. Lakini mifano miwili inastahili kutajwa kwa urefu, kwa kuwa yote miwili imetuachia maneno.

Mfano wa kwanza ni Jamaa. Padri Placide Tempels, Mfransiska wa Ubelgiji aliyejulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichotoka mwaka 1945, alikwenda mwaka 1953 kuhudumu Musonoi, kambi ya wafanyakazi wa migodi karibu na Kolwezi. Huko, pamoja na mume na mke kadha wa kambini, alianzisha mwenendo wa kiroho uliokuja kuitwa Jamaa, yaani ukoo. Mafundisho yake yalijengwa juu ya nguzo tatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, aliyewachunguza wanajamaa katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba neno mawazo lilikuwa miongoni mwa maneno makuu ya mafundisho yao. Mtu alifundishwa kuyatazama mawazo yake, kuyasema mbele ya mwenzake, na kuyapokea ya mwenzake.

Maana ya kijamii ya jambo hilo ni wazi. Mtu aliyeacha ukoo wake maili mamia nyuma alipata ukoo mwingine kambini, na alipewa lugha ya kuutua mzigo wake. Wala hakupewa na daktari. Alipewa na mume na mke wa nyumba ya jirani, waliokuwa wamepita njia ileile kabla yake. Uongozi wa Kanisa uliuingilia mwenendo huo kwa mashaka, na Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Lakini Jamaa ilikwishaonyesha kwamba kusikilizwa na aliye sawa nawe ni dawa yenyewe.

Mfano wa pili ni picha. Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, zilikuwa na mchoro wa rangi ukutani: kijiji na mto wake, Waarabu na watumwa, askari wa koloni akimchapa mfungwa, au mamba-muntu. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliandika mwaka 1976 kwamba wenyewe waliziita picha hizo kwa neno moja: ukumbusho. Mchoraji maarufu zaidi wa jadi hiyo, Tshibumba Kanda Matulu, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 zaidi ya picha mia zinazosimulia historia ya nchi.

Neno ukumbusho halina budi kupimwa dhidi ya nostalgia ya Hofer. Yote mawili yanahusu kumkumbuka aliyeachwa na kilichoachwa. Ila nostalgia ni kukumbuka kunakomwangukia mtu, akiwa peke yake, kama homa. Ukumbusho ni kitenzi kilichofanywa nomino kwa kupitia unyambuzi wa kusababisha: ni kile kinachokumbusha, kinachomfanya mwingine akumbuke. Picha hutundikwa sebuleni, pale wageni wanapoketi, ili mazungumzo yaanze. Kitu kilekile ambacho daktari wa Basel alikiona kuwa sumu, mfanyakazi wa Likasi alikifanya kuwa kiti cha kupokelea watu. Tofauti haikuwa katika kumbukumbu, bali katika kuwa nayo peke yako au kuwa nayo pamoja na wengine.

4. KURUDI KUSIKOPONYA

Ushauri wa Hofer ulikuwa kumrudisha mgonjwa kwao. Katika miaka ya 1992 na 1993 Katanga ilishuhudia kurudishwa kwa namna nyingine. Katika fitina za kisiasa za wakati ule, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Likasi, Kolwezi na mingineyo. Walikaa majuma na miezi vituoni wakingoja gari-moshi, na wengi walifia huko au njiani. Baadhi yao walikuwa wajukuu wa wale walioletwa na kampuni. Walizaliwa Katanga, lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili, na "kwao" walikorudishwa hawakuwahi kukuona.

Kiswahili chenyewe hakikutoka katika mambo hayo na mikono safi. Neno bilulu, wadudu, lilitumika kuwaita majirani hao. Kabla mtu hajaondolewa nyumbani kwake, alikwisha kuondolewa katika hesabu ya watu kwa neno moja la lugha aliyoisema pia yeye. Wanaofundisha lugha hii hawana budi kuukumbuka ukweli huo kila wanapousifu uwezo wake wa kuunganisha.

Tukio hilo linavunja wazo la kwamba nyumbani ni mahali tu. Mtu anaweza kurudishwa mahali pa babu zake na akawa mgeni zaidi kuliko alipokuwa. Aliyekosa ni majirani waliojua jina lake, kaburi la mama yake, na lugha ya kumwambia mtu kwamba ana mawazo. Tiba yoyote ya mhamiaji inayotegemea jibu la "rudi kwenu" ingefaa kuanza kwa kuuliza kwao ni wapi.

5. SAUTI YA MBALI, KISHA SIMU

Kati ya barua na simu palikuwa na redio. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi kwa ajili ya kuunganisha familia zilizotawanyika. Msikilizaji wa kambini aliweza kusikia jina la mtoto wake likisomwa. Nchini Kongo, katika miaka ileile ya 1990, watu walipanga foleni kwenye vibanda vya foni, redio za kupokezana sauti, ili kuzungumza na ndugu wa bara mbele ya umati, neno kwa neno, huku kila mmoja akingoja zamu yake. Radio Okapi ilianza kutangaza mwezi Februari 2002, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake. Hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kilichoitwa huduma ya afya ya akili. Hata hivyo, kumjulisha mtu kwamba ndugu yake yu hai ni kumwondolea mzigo ambao hakuna kidonge kinachouondoa.

Simu ya mkononi ilienea baada ya mwaka 2000, na miaka kumi baadaye simu yenye intaneti ikaanza kufika hata kambini. Hapo ndipo watafiti walipojiuliza kama chombo ambacho mkimbizi anacho tayari mfukoni kinaweza kubeba tiba. Jaribio lililochunguzwa kwa makini zaidi lilifanyika Lebanoni, nchi iliyowapokea Wasiria zaidi ya milioni moja baada ya vita kuanza Siria mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Wizara ya Afya ya Lebanoni na vyuo vikuu vya Ulaya, lilitengeneza programu iitwayo Step-by-Step, yaani Hatua kwa Hatua.

Programu hiyo ina vipindi vitano. Haianzi na orodha ya dalili. Inaanza na hadithi. Mhusika mmoja, mwanamume au mwanamke kadiri mtumiaji anavyochagua, anasimulia jinsi alivyoacha kula na wenziwe, alivyoacha kazi za mikono alizozipenda, na jinsi alivyorudi kidogo kidogo. Baada ya hadithi, mtumiaji hupanga shughuli ndogo za siku zake: kutembea, kupika, kumpigia mtu simu. Hujifunza pia kupumua kwa utulivu na kuandaa msaada wa watu walio karibu. Kila juma mtu aliyefunzwa, ambaye si daktari wala mwanasaikolojia, huwasiliana naye kwa takriban dakika 15.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Wasiria 569 wenye dalili za sonona waligawanywa kwa kura; wengine walipata programu, wengine huduma ya kawaida. Miezi mitatu baadaye, waliopata programu walikuwa na nafuu zaidi katika sonona, wasiwasi na uwezo wa kufanya shughuli zao. Nafuu hiyo haikuwa ya muujiza, lakini ilikuwa ya kweli. Ikumbukwe kwamba walioanza kuandikishwa mwishoni mwa mwaka 2019 walijikuta katikati ya kuporomoka kwa uchumi wa Lebanoni, kisha katika janga la Korona. Wengi walikomea njiani.

Kuna mfano mwingine ulio karibu zaidi na mpaka wa Kongo. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake 694 wa Sudani Kusini walishiriki uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020. Chombo kilikuwa hafifu zaidi: sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kitabu chenye picha kwa wasiojua kusoma. Wanawake walikusanyika wakiwa ishirini hadi thelathini, wakasikiliza pamoja mara moja kwa juma, kwa majuma matano. Nao walipata nafuu, hasa katika miezi ya mwanzo.

Mifano hiyo miwili ina jambo moja linalofanana na Musonoi. Katika yote, sehemu iliyomgusa mtu ni hadithi inayofanana na yake, lugha anayoielewa, na mwenzake anayemsikiliza. Simu na sauti iliyorekodiwa ni njia ya kuyafikisha hayo kwa wengi, havikuyaondoa.

6. MAMBO MATATU YA KUANGALIA

La kwanza ni lugha. Kutafsiri maswali ya daktari hakutoshi. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, kazi ya kuwafunza akina bibi wa mtaani kuwasikiliza wagonjwa wakiwa wameketi kwenye benchi. Hawakutumia jina la kigeni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wengine. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba kufungisisa na "kuwa na mawazo" ni ndugu. Sonona ni neno zuri la kamusi, lakini mkimbizi wa Nyarugusu, kambi ya Tanzania iliyowapokea Wakongo tangu mwaka 1996, ataulizwa kama ana sonona na atajibu hapana. Aulizwe kama ana mawazo, na ataanza kuzungumza.

La pili ni siri. Posho ilihitaji daftari la majina. Simu inahitaji data zaidi ya hizo. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba taarifa za Warohingya zilizokusanywa na Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa huko Bangladesh zilifika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ileile waliyoikimbia. Mwenye kumfungulia mtu moyo wake kupitia chombo ana haki ya kujua ni nani mwingine anayesikiliza. Jirani wa Musonoi alijulikana kwa sura.

La tatu ni mpaka wa msaada wenyewe. Mafunzo ya usingizi yanamfaa mtu mwenye mahali pa kulala. Mpango wa kutembea kila asubuhi unamfaa mwenye ruhusa ya kutoka kambini. Palipo na njaa, hofu ya polisi au miaka ya kungoja karatasi, huzuni haiwi kosa la mawazo. Ni mawazo yanayosoma hali vizuri. Programu isiyokiri jambo hilo itarudia kosa la Ødegaard, la kuiweka kasoro ndani ya mhamiaji, au kosa la kampuni, la kumtuliza ili asisumbue.

7. HITIMISHO

Kutoka Basel ya mwaka 1688 hadi Lebanoni ya mwaka 2022, historia ya kumtuliza mhamiaji imekuwa na vyombo vingi: dawa ya kuharisha, gari la kurudi kwao, posho, picha ya ukutani, redio, simu. Hakuna kimoja kilichokuwa kibaya kwa asili yake. Kila kimoja kilisaidia kwa kadiri kilivyomruhusu mgeni kusema kwa maneno yake, na kwa kadiri kilivyomfikisha kwa watu wengine.

Katika hilo, wanaojifunza Kiswahili wana kazi isiyoweza kufanywa na wahandisi. Mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu ndani ya Kongo watu takriban milioni 6.9 waliong'olewa makwao, wengi wao katika majimbo ya mashariki yanayosema lugha hii. Programu za simu zitawafikia, kama hazijafika. Zitakuja na Kiswahili cha kamusi, au cha pwani, au kilichotafsiriwa kwa mashine. Kukusanya namna watu wa Kivu, Ituri, Tanganyika na Katanga wanavyoutaja uchungu wao, mawazo, majonzi, moyo kuuma, kichwa kujaa, ni kazi ya kisarufi na ya kileksika ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuianza kwa daftari na kalamu.

Wanajamaa wa Musonoi hawakuwa na chombo chochote. Walikuwa na kiti cha pili, na neno moja lililoeleweka na wote. Chombo chochote kitakachokuja kitapimwa kwa hayo mawili.